Mvinyo wa Austria mezani kwa mkulima mwenyewe: mwongozo kamili wa kutafuta, kuonja na kula

Ukiingia duka kubwa lolote la Vienna utakuta rafu nzima ya mvinyo wa Austria, na hutakosa chupa nzuri. Lakini uhondo wenyewe uko vijijini, kwa familia zenye hekta chache za mizabibu ambazo hulima, huvuna, husindika na kuuza zenyewe. Nyingine hazijawahi kupeleka hata chupa moja dukani. Kuzifikia si kazi ngumu wala ghali, ila kuna utaratibu wake. Wageni wengi huanza kwa kuchagua chupa, wakati jambo la kwanza kabisa ni kalenda: mashamba haya madogo hufungua milango kwa wiki chache tu za mwaka. Ukifika siku isiyo yake, utakuta lango limefungwa na mwenyewe yuko juu ya trekta.

Jua unachokitafuta

Kwenye vibao vya barabarani utaona *Weingut*, yaani shamba la mizabibu lenye kiwanda chake. Utaona pia *Buschenschank*: hapo mkulima hufungua ua au ukumbi wake kwa muda, akauza mvinyo wake mwenyewe na chakula baridi. Vienna na mkoa wa Niederösterreich wengi husema *Heuriger*, jina linalotumika kwa mahali penyewe na pia kwa mvinyo mchanga wa mavuno ya mwisho.

Haki ya mkulima kuuza nyumbani kwake ni ya zamani. Tarehe 17 Agosti 1784 Kaizari Joseph II alitoa amri iliyomruhusu kila mtu kuuza chakula na mvinyo aliouzalisha mwenyewe, wakati wowote wa mwaka na kwa bei aitakayo. Roho ya amri hiyo bado iko kwenye sheria za leo. Buschenschank ya kweli haiuzi bia, haipiki chakula cha moto, na mvinyo wake ni wa shamba lile lile. Ukikuta bia ya bomba na menyu ya kurasa sita, ujue hapo ni mgahawa wenye leseni ya mgahawa. Huenda ukala vizuri sana, lakini si hiki tunachokitafuta.

Alama ya kuangalia ni fungu la matawi mabichi ya msonobari lililoning'inizwa juu ya lango au kwenye mti mrefu ulioinamia barabarani. Matawi yakiwepo, kuna mtu ndani wa kukumiminia. Yakiondolewa, pamefungwa. Wenyewe husema *ausg'steckt*, na hilo ndilo neno la kuandika unapotafuta mtandaoni, ukiliambatanisha na jina la kijiji. Vijiji vingi huchapisha orodha ya mwaka mzima inayoonyesha nani anafungua lini, kwa sababu majirani hupokezana: huyu wiki mbili, yule wiki mbili zinazofuata.

Panga safari kwa msimu

Aprili hadi Juni ndio wakati ninaoupendelea. Mvinyo mweupe wa mavuno yaliyopita umeshaingia kwenye chupa, asparaga, mboga ya machipukizi, zimejaa sokoni, na mwenye shamba bado ana nafasi ya kukaa na wewe. Julai na Agosti hali ya hewa ni nzuri lakini watu ni wengi, kwa hiyo weka nafasi mapema.

Septemba na Oktoba ni mavuno. Ni wakati wa kupendeza machoni na mbaya kwa mazungumzo. Usitegemee mtu aliyeamka alfajiri kuvuna akuzungushe ghalani jioni. Badala yake tafuta *Sturm*, juisi ya zabibu iliyo katikati ya kuchachuka. Ina ukungu, ina utamu, inachoma ulimi kwa mapovu, na huteremka kama juisi kumbe kilevi kimo. Chupa yake haifungwi kabisa, kwani hewa inayozalishwa na chachu ingeipasua. Ukinunua, ibebe wima mkononi na uimalize siku hiyo hiyo au kesho yake. Usiitie kwenye begi la nguo.

Tarehe 11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martin, mvinyo mpya huonjwa na bata bukini huokwa. Kuanzia Januari wengi hufunga, lakini ukipiga simu na kuomba kununua moja kwa moja shambani, kwa kawaida utapokewa.

Chagua eneo moja, si manne

Austria ina takriban hekta 44,000 za mizabibu, karibu zote zikiwa mashariki, kwa sababu upande wa magharibi umejaa milima ya Alps na baridi yake. Kwa safari ya kwanza nakushauri Weinviertel, eneo kubwa kuliko yote, lililotanda kaskazini ya mto Danube hadi mpaka wa Czech. Halina majumba ya fahari mengi kama maeneo mengine, na bei zake ni za kibinadamu: chupa ya kawaida ukiinunua shambani mara nyingi haifiki euro 10.

Kitu cha kuona huko ni *Kellergasse*. Hii ni barabara ya vijumba vyeupe vilivyopangana pande mbili, nje kidogo ya kijiji, visivyo na dohani wala madirisha makubwa, na hakuna anayelala ndani. Kila kijumba ni chumba cha kukamulia zabibu, na nyuma ya mlango wake kuna shimo refu lililochimbwa kuingia kwenye kilima. Udongo wa huko ni vumbi la enzi za barafu lililopeperushwa na upepo likarundikana. Ni laini kuchimba kwa jembe la mkono, lakini ukuta wake husimama wenyewe bila nguzo. Ndani baridi ni ile ile kiangazi na kipupwe. Mjini Retz mashimo ya namna hii yameungana chini ya mji mzima, takriban kilomita 20 za njia, na wageni hutembezwa humo.

Zabibu ya Weinviertel ni Grüner Veltliner, ambayo peke yake huchukua kama theluthi ya mizabibu yote ya Austria. Mvinyo wake ni mweupe, mkavu (yaani usio na utamu), una uchachu wa tofaa bichi na, ukibahatika, harufu ya pilipili manga. Si maneno ya washairi. Kemikali iitwayo rotundoni, ile ile iliyomo kwenye pilipili manga yenyewe, imo pia kwenye ganda la zabibu hii. Ponda punje mbili za pilipili manga nyeupe, nusa, kisha nusa glasi. Utaelewa papo hapo kwa nini wakulima wa huko wanaiita *Pfefferl*, yaani kapilipili.

Maeneo mengine kwa haraka. Wachau, bonde la Danube kati ya Melk na Krems, lina matuta ya mawe yaliyojengwa kwa mikono na liko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Nenda kwa ajili ya Riesling, zabibu nyingine nyeupe, na mandhari, ila jiandae kulipa zaidi. Burgenland, karibu na ziwa Neusiedl, ni nyumba ya mvinyo mwekundu na mvinyo mtamu. Steiermark kusini ni vilima vya kijani, mvinyo mweupe wa Sauvignon Blanc na mafuta ya mbegu za maboga. Mwenye alasiri moja tu, wakiwemo ndugu zetu wanaokuja Vienna kwa mikutano ya Umoja wa Mataifa, asijisikie ameachwa: Vienna ni mji mkuu wenye mamia ya hekta za mizabibu ndani ya mipaka yake. Panda tramu namba 31 hadi mwisho wake, Stammersdorf, au D hadi Nussdorf, kisha tembea kwa miguu ukitafuta matawi juu ya lango.

Kwenda na kurudi salama

Kiwango cha pombe kwa dereva Austria ni 0.5 kwa elfu, na polisi hupima. Acha gari. Treni kutoka kituo cha Franz-Josefs-Bahnhof hadi Krems huchukua kama saa moja, na ukiwa Krems unaweza kupanda basi au meli ya mtoni kuingia Wachau. Vijiji vya ndani ya Weinviertel havina usafiri mwingi jioni, hivyo njia bora ni kulala hapo hapo. Wakulima wengi hukodisha vyumba, vinavyoitwa *Gästezimmer*, na asubuhi inayofuata wakati wa chai ndipo utapata maelezo ambayo hakuna mtu aliyekuwa na muda wa kukupa jana usiku.

Ukishaketi

Msalimie kila mtu unapoingia, *Grüß Gott*, hata wale wa meza ya jirani. Meza ni ndefu na watu huketi pamoja, kwa hiyo kuuliza kama nafasi iko wazi ni adabu ya kawaida. Sehemu nyingi mvinyo huletwa mezani lakini chakula unakifuata mwenyewe kaunta. Unapogonganisha glasi, mtazame mwenzako machoni. Beba fedha taslimu, kwani si kila mkulima ana mashine ya kadi.

Mvinyo huagizwa kwa kipimo: *Achtel* ni sehemu ya nane ya lita, *Viertel* ni robo. Anza na Achtel, ili uweze kuonja aina tatu bila kulemewa. Siku ya joto agiza *Gspritzter*, mvinyo mweupe uliochanganywa na maji ya soda. Wenyeji hunywa hivyo mchana kutwa na hakuna atakayekuona mshamba.

Chakula ni ubao wa mbao uliojazwa: nyama baridi zilizokatwa nyembamba, mafuta ya nguruwe ya kupaka mkate, soseji, jibini, matango ya siki, na mzizi mweupe mkali uitwao *Kren* uliokunwa juu kama theluji. Sehemu kubwa ni nguruwe, hilo lazima lisemwe mapema. Asiyekula nguruwe aombe *Liptauer*: jibini laini lililochanganywa na siagi, paprika, kitunguu na kisibiti, la kupaka kwenye mkate mweusi. Kuna pia mayai, saladi ya viazi na jibini ngumu. Asiyekunywa pombe aombe *Traubensaft*, juisi ya zabibu za shamba lile lile. Usidhani ni kinywaji cha watoto tu. Wakulima wengi huionea fahari kama mvinyo wao, na kijana au mzee anayeepuka kilevi ataketi meza moja na wengine bila maswali.

Kuonja na kununua shambani

Kuonja rasmi, *Verkostung*, ni jambo tofauti na kuketi kula. Piga simu au andika siku kadhaa kabla, sema mko wangapi, na uulize kama kuna malipo. Utamiminiwa kidogo kidogo, kutoka mwepesi kwenda mzito, mkavu kwenda mtamu. Chombo cha kutemea kipo mezani. Kutema si dharau, ndiyo njia pekee ya kufika glasi ya nane ukiwa bado unaonja.

Fanya hivi kwa kila glasi. Nusa kabla ya kuitikisa, kisha itikise na unuse tena. Vuta funda dogo, lizungushe mdomoni, na ujiulize mambo matatu: mate yanakutoka pembeni mwa ulimi? Huo ni uchachu. Fizi zinakauka kama umetafuna ndizi mbichi? Huo ni ukakasi, utakutana nao zaidi kwenye mwekundu. Baada ya kumeza au kutema, ladha inadumu au inakatika? Inayodumu ndiyo ya kulipia.

Kisha uliza. Shamba hili liko udongo gani? Mizabibu ina umri gani? Ulichachusha kwenye tangi la chuma au pipa la mbao? Chupa hii niifungue lini? Mkulima mdogo hufurahia maswali haya kuliko sifa, na mara nyingi ndipo anaposhuka ghalani kuleta chupa ambayo haikuwa kwenye orodha. Ukishaonja, nunua, hata chupa mbili tu. Saa nzima ya mtu imekwenda hapo.

Kusoma chupa

Anzia juu. Kwenye kifuniko kuna utepe wa rangi za bendera, nyekundu, nyeupe na nyekundu, wenye nambari ya mzalishaji. Huo ndio muhuri wa mvinyo wa daraja la *Qualitätswein*, yaani mvinyo wa ubora, na kwenye lebo yake kutakuwa na nambari ya ukaguzi wa serikali, inayotolewa baada ya vipimo vya maabara na jopo la waonjaji. Ukali huu una historia. Mwaka 1985 iligundulika kwamba baadhi ya wafanyabiashara walitia dietilini glaikoli, kemikali ya viwandani, ili mvinyo uonekane mzito na mtamu. Soko la nje likaporomoka, wakulima waadilifu wakaumia pamoja na waovu, na mwaka huo huo ikatungwa sheria iliyo miongoni mwa kali kuliko zote duniani. Mvinyo mzuri wa leo umejengwa juu ya aibu ile.

Herufi DAC humaanisha mvinyo wenye ladha inayotambulika ya eneo lake. Weinviertel ilikuwa ya kwanza kuzipata, kwa mavuno ya 2002, na huko jina Weinviertel DAC ni la Grüner Veltliner peke yake. Jirani wa shamba lile lile akitengeneza Riesling, ataiandika Niederösterreich. Kwa hiyo usimdharau mvinyo kwa sababu hauna DAC. Huenda ni zabibu tu iliyo nje ya orodha. Neno *Ried* hutangulia jina la kishamba mahususi, na bei hupanda hapo.

Utamu umeandikwa waziwazi: *trocken* ni mkavu, *halbtrocken* una utamu kidogo, *lieblich* ni mtamu kiasi, *süß* ni mtamu kabisa. Wachau utakuta madaraja yao: Steinfeder hauzidi asilimia 11.5 ya kilevi, Federspiel uko kati ya 11.5 na 12.5, na Smaragd huanzia 12.5. Huo wa mwisho umepewa jina la mjusi wa kijani anayeota jua kwenye kuta za matuta.

Kifuniko cha kuzungusha kisikutie shaka. Austria kinatumika hata kwenye chupa za bei kubwa, na huulinda mvinyo mweupe vizuri kuliko kizibo.

Mvinyo na chakula

Asparaga nyeupe za Marchfeld, tambarare iliyo mashariki ya Vienna, huua ladha ya mvinyo mwingi. Grüner Veltliner mwepesi huziweza, na ukila sahani hiyo mwezi Mei, ikiwa na siagi na viazi vipya, hutahitaji mtu akueleze tena. Grüner huyo huyo hufaa schnitzel, kipande chembamba cha nyama ya ndama cha kukaanga: uchachu wake hufanya kazi ya kipande cha limau, hukata mafuta ya kukaangia. Nyama ya ng'ombe ya kuchemsha, *Tafelspitz*, inayoliwa na Kren na tofaa, nampa Grüner mzito zaidi.

Samaki wa mtoni wapewe Riesling ya Wachau, daraja la Federspiel. Kuku wa kukaanga wa Steiermark, pamoja na saladi yenye mafuta meusi ya mbegu za maboga, huenda na Sauvignon Blanc wa huko huko. Vienna agiza *Gemischter Satz*, mvinyo wa zabibu za aina tatu au zaidi zilizopandwa shamba moja na kuvunwa pamoja. Hauna tabia moja kali, ndiyo maana unavumilia meza yenye vitu vingi.

Kwa wekundu, kumbuka mawili. Zweigelt, aliyezalishwa mwaka 1922 huko Klosterneuburg na Friedrich Zweigelt kwa kuchanganya zabibu za St. Laurent na Blaufränkisch, ni laini na una ladha ya cheri. Hufaa soseji, tambi na ubao wa nyama baridi. Blaufränkisch wa Burgenland una uchachu na ukakasi zaidi, nao ndio wa bata bukini, mchuzi mzito wa *Gulasch*, na kwa yeyote atakayeibeba hadi nyumbani, nyama choma ya mbuzi.

Mtamu usiuache. Ziwa Neusiedl halina kina, halifiki hata mita mbili, na vuli huleta ukungu unaoamsha kuvu juu ya zabibu. Kuvu hilo hutoboa ganda, maji hukauka, sukari hubaki. Mji wa Rust hutengeneza hapo *Ausbruch*, mvinyo wa rangi ya asali. Unywe kidogo na jibini la buluu, chumvi ikutane na utamu.

Kwa jiko la Kiswahili kanuni ni moja: pilipili kali na kilevi kingi havipatani, kila kimoja humchochea mwenzake. Samaki wa kupaka, mwenye nazi na pilipili, mtafutie Riesling halbtrocken. Pilau yenye bizari na pilipili manga inapendana na Grüner wa Weinviertel. Kachumbari yenye ndimu nyingi ipunguze, la sivyo mvinyo wowote utaonekana hauna ladha.

Kubeba na kuhifadhi

Zungushia kila chupa nguo, iweke katikati ya begi linaloingia kwenye buti ya ndege. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri wa miaka 18 na zaidi kuingiza lita 2 za mvinyo bila ushuru, yaani chupa mbili za kawaida. Zikizidi, tangaza na ulipe.

Mweupe mwepesi unywe ukiwa na baridi ya nyuzi 8 hadi 10. Smaragd na wengine wazito, 10 hadi 12. Mwekundu wa Austria unataka nyuzi 14 hadi 16, kwa hiyo Mombasa au Dar es Salaam utie kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina. Chupa iliyofunguliwa ikifungwa vizuri hukaa kwenye friji siku tatu, ya mtamu zaidi ya wiki. Smaragd mchanga aliyekuchosha kwa ukali siku ya kwanza, mrudie kesho yake kabla hujamhukumu.